Umealikwa harusi Uskoti na umeambiwa uvae kilti? Fuata hatua hizi

Rafiki yangu wa kazini hapa Glasgow alipooa alinialika, alafu akaniambia na wewe utavaa kilti kama sisi wote, yaani lile vazi la wanaume wa Kiskoti la kuzungushia kiunoni lenye marinda nyuma, nikasema sawa. Mi nimekulia Tanga, mwanaume kujifunga kitambaa kiunoni kwangu sio habari, mzee wetu akirudi kazini alikuwa anavua suruali anajifunga msuli ndo siku yake inaanza rasmi, kwahiyo nikajua hili ni jambo la dakika mbili. Kumbe kilti ina mambo yake. Ina mbele na nyuma, ina kulia na kushoto, ina vitu saba nane vinavyoandamana nayo na kila kimoja kina mahali pake, na juu ya yote ina historia nzito ambayo wenyewe wakikuona umevaa sawasawa wanajua umeiheshimu. Tangu siku ile nimevaa mara nyingi, nimenunua ya kwangu, na watu wetu wanaokuja huku kusoma au kufanya kazi wakialikwa wananipigia simu usiku usiku kuuliza, so nimeona niandike yote sehemu moja.

Hatua ya 1: Jua unavaa nini

Watu wanachanganya maneno mawili. Tartani ni kitambaa, yaani ule mchoro wa mistari inayokatizana. Kilti ni vazi lenyewe lililoshonwa kwa kitambaa hicho. Skafu inaweza kuwa ya tartani, tai, blanketi, hata mto wa kochi, na vyote sio kilti. Na tafadhali usiite sketi mbele ya wenyewe, ni sawa na mtu aje pwani aone kanzu aiite gauni.

Ukipata nafasi shika kipande cha tartani ya sufu ukisogeze karibu na macho, karibu kabisa. Utaona nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu) na nyuzi za mshindio (zinazokatiza upana) zina rangi zilezile, kwa mpangilio uleule, na kila uzi unapita juu ya nyuzi mbili alafu chini ya nyuzi mbili, ndo maana ukitazama vizuri kuna vimistari vya mshazari vimelala kama mvua inayosukumwa na upepo. Pale nyekundu inapokutana na nyekundu unapata wekundu mtupu, na pale nyekundu inapokatiza kijani inatokea rangi ya tatu ambayo fundi hakuitia, ukiwa mbali unaiona kama kahawia. Yaani rangi 2 za uzi zinakupa rangi 3 machoni, rangi 6 zinakupa 21. Mi hapo ndo tartani iliponiteka, nilikaa na kile kitambaa mapajani naangalia tu mistari inavyozaa rangi.

Ni kitu cha zamani sana. Mwaka 1933 pale Falkirk walifukua chungu kimejaa sarafu za Kirumi, na kwenye mdomo wa chungu kulikuwa na kipande cha sufu chenye vidrafti vya rangi mbili, cha karne ya 3, kipo makumbusho ya taifa Edinburgh. Kingine kilitoka kwenye tope la bonde la Glen Affric, wataalamu wakakipima wakasema ni cha kati ya mwaka 1500 na 1600, kikawekwa maonyesho Dundee mwaka 2023.

Vazi la mwanzo lenyewe halikuwa hii kilti tunayokodi leo. Lilikuwa shuka kubwa la mita kadhaa, halijashonwa popote. Maelezo ya watu wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti kulivaa yapo tangu mwisho wa karne ya 16. Namna mojawapo ya kulivaa ni kutandika mkanda chini, unalaza shuka juu yake, unakunja marinda kwa mikono, unalala chali juu yake, unajifunika kushoto na kulia, unafunga mkanda ndo unainuka, ile sehemu ya juu unaitupia begani na kuibana. Mvua ikinyesha unajifunika kichwa, usiku ni blanketi lako. Mtu aliyewahi kumwona mchungaji wa Kimasai porini na shuka lake saa kumi na moja alfajiri hahitaji kuelezwa zaidi. Kilti fupi, ya kuanzia kiunoni kwenda chini tu, ilikuja mwanzoni mwa karne ya 18. Ipo simulizi maarufu kwamba aliyeibuni ni Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma kule Glengarry, aliyetaka wafanyakazi wake wawe wepesi, na wapo Waskoti wanaoipinga vikali, kwahiyo ukiwa mezani kwa watu usiianzishe hiyo.

Alafu likaja hili ambalo kila anayevaa lazima alijue. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden karibu na Inverness, jeshi la Charles Edward Stuart, aliyekuwa anaupigania ufalme wa Uingereza, lililokuwa na watu wengi wa nyanda za juu (Highlands, milima ya kaskazini mwa Uskoti) lilivunjwa ndani ya muda usiofika saa moja. Serikali ya London ikatunga sheria mwaka huohuo, ikaanza kubana Agosti 1747, kwamba mwanaume wala mtoto wa kiume asivae mavazi ya nyanda za juu, wala tartani isitumike kwa koti. Ukikamatwa mara ya kwanza jela miezi 6 bila dhamana. Mara ya pili unapelekwa ng'ambo kwenye mashamba ya mfalme miaka 7. Kwa kitambaa! Sheria ilikaa mpaka 1782. Hesabu mwenyewe, mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoanza alikuwa na miaka 35 ilipofutwa, kakua kaoa kazaa na hajawahi kuvaa vazi la baba yake hadharani. Walioruhusiwa ni wanajeshi wa mfalme peke yao, ndo maana vikosi vya nyanda za juu kama Black Watch vilibaki na kilti zao na vikaisambaza dunia nzima pamoja na zumari. Wenzetu wa Muscat wanalijua hili kwa macho yao, majeshi ya Oman mpaka leo yana bendi za zumari za Kiskoti, nyingine wapigaji wamepanda ngamia.

Hatua ya 2: Chagua tartani yako bila woga

Swali la kwanza ninaloulizwa siku zote ni hili: mi sina ukoo wa Kiskoti, naruhusiwa? Ndio, unaruhusiwa, na nataka uelewe kwanini.

Tunaambiwa kila ukoo ulikuwa na tartani yake tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba zamani mchoro ulifuata mahali zaidi kuliko jina, mfumaji wa bonde fulani alitumia rangi alizozipata kwenye mimea na ukoga wa mawe ya pale, na mtu mmoja wa kisiwa cha Skye aliandika mwaka 1703 kwamba ukiona shuka la mtu unaweza kukisia katokea kisiwa gani. Habari ya kila ukoo na mchoro wake rasmi ilipangwa baadae. Mwaka 1815 chama cha watu wa nyanda za juu waliokuwa London kilianza kuwaandikia wakuu wa koo walete sampuli za tartani zao, na wengine iliwabidi waulizie kwanza yao ni ipi. Kiwanda cha akina Wilson pale Bannockburn kilikuwa na vitabu vya michoro chungu nzima na vingi vilikuwa na namba tu, majina ya koo yakaja yakabandikwa jinsi wateja walivyoagiza. Mwaka 1822 mfalme George IV wa Uingereza akaenda Edinburgh, hakuna mfalme aliyekuwa amekanyaga Uskoti kwa karibu miaka 170, na Sir Walter Scott, mwandishi maarufu wa Kiskoti, ndo aliyepanga sherehe, akataka kila mkubwa aje na tartani. Mfalme mwenyewe alivaa kilti. Hapo ndo mafundi walifanya kazi usiku na mchana na kila familia ikataka kuwa na mchoro wake.

Sasa wapo wanaosema basi kumbe yote ni ya kutunga. Mi sikubaliani nao hata kidogo. Kitambaa ni cha kale, marufuku ilikuwa ya kweli na watu waliumia, na kama watu walirudishiwa vazi lao wakaamua kuligawana upya kwa majina ya mababu zao, hiyo ni haki yao na miaka 200 imeshapita juu yake. Ninachosema ni kwamba wewe mgeni hakuna sheria inayokukataza. Tartani moja ndo inayozuiwa kweli, ile ya kijivu inayoitwa Balmoral, aliibuni Prince Albert mume wa Malkia Victoria, hiyo ni ya familia ya kifalme na huipati dukani kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo chagua hivi. Kama waliokualika wana ukoo na wamekuambia uvae ya kwao, vaa ya kwao, ni heshima kubwa umepewa, usiikatae. Jina likianza na Mac ujue ni kama bin yetu, MacDonald ni mwana wa Donald, so wanakuvalisha jina la babu yao. Kama hawajasema kitu, chukua zile za watu wote. Royal Stewart ni ile nyekundu inayojulikana kuliko zote, zipo Hunting Stewart, Caledonia, Flower of Scotland, na zipo za miji na wilaya, kwa mfano ukiishi au kusoma Edinburgh au Dundee unavaa ya mji wako. Ukisikia "ya kuwindia" maana yake rangi zimetulia, kijani na kahawia na bluu, na "ya kizamani" haimaanishi umri wa mchoro, maana yake rangi zimefifishwa zifanane na za mimea. Michoro yote rasmi, na ni maelfu, iko kwenye daftari la serikali ya Uskoti lililofunguliwa 2009, unaweza kulitafuta mtandaoni na kuangalia kabla hujaenda dukani.

Black Watch, ile ya kijani na bluu iliyokoza, utaambiwa pia ni ya kila mtu. Ni nzuri na inaendana na kila koti. Ila ndugu zangu Wakenya mjue kikosi chenye jina hilo kilikuwa Kenya 1953 mpaka 1955 wakati wa Mau Mau, upande wa serikali ya kikoloni. Kuna mama mmoja wa Nyeri tulikutana Edinburgh aliniambia kijana wake alivaa bila kujua na bibi yake alipoona picha alinyamaza. Uamuzi ni wako, mi nataka uamue ukiwa unajua.

Hatua ya 3: Kodi au nunua

Kama ni mara moja, kodi. Glasgow, Edinburgh, Inverness na miji mingi maduka ya kukodisha yapo, wanakupa seti nzima kuanzia viatu mpaka kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi, unarudisha baada ya siku mbili tatu. Agiza wiki kadhaa mapema, miezi ya harusi ni ya kiangazi na saizi zinaisha, hasa ukiwa mrefu au una mwili mkubwa.

Kama utavaa tena na tena, nunua, na hapa ndo panahitaji macho. Kwenye mitaa ya watalii kuna kilti za bei ya kutupa, nyepesi, kitambaa cha plastiki, marinda hayakai na ukitoka nje upepo unakupandishia mpaka kifuani. Kilti ya maana ni ya sufu tupu. Ya kiwango cha juu inatumia yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, wakati kikoi chako hakizidi mita 2, kitambaa chote hicho kimekunjwa nyuma kwenye marinda 25, 30, wakati mwingine zaidi. Uzito wa kitambaa unahesabiwa kwa aunsi kwa kila yadi: aunsi 10 au 11 ni nyepesi, 13 ni ya kati, 16 ni nzito. Chukua 13 au 16. Nzito inaonekana kama itakuchosha lakini ndo inayoanguka vizuri, ndo inayotulia kwenye upepo, na ukitembea ile ya nyuma inacheza kushoto kulia kwa mpangilio kama imefundishwa.

Geuza nyuma uangalie marinda. Fundi hodari anakunja kila rinda kwa hesabu ili yakilala pamoja mchoro wa nyuma usomeke uleule kama wa mbele, utadhani hakijakunjwa kitu. Njia nyingine ni ya kijeshi, kila rinda linawekwa mstari mmoja katikati, kwahiyo akisimama unaona mistari imesimama tu, akitembea rangi zilizofichwa ndani zinajitokeza kwa kumulika. Zote ni sahihi. Ambayo mistari imepotea njia, huku nusu drafti huku robo, hiyo iache hapohapo. Ya kushonwa kwa mkono inakula mamia ya pauni na fundi anakaa nayo siku kadhaa, lakini inadumu. Baba yake bwana harusi yule wa Glasgow alikuwa amevaa kilti ya baba yake, amesogeza bizimu tu.

Hatua ya 4: Pima, na pimwa na mtu mwingine

Usitume saizi ya suruali yako. Suruali tunavaa nyongani, kilti inakaa juu zaidi, usawa wa kitovu. Vipimo ni vitatu. Kiuno, tepu izunguke kwenye kitovu. Makalio, pale palipojaa zaidi. Urefu, kutoka usawa wa kitovu mpaka katikati ya pia ya goti. Simama wima, angalia mbele, muache mwenzio apime, maana ukiinama kuangalia tepu tu urefu umeshabadilika.

Urefu ndo usikosee kabisa, na sababu yake wengi hawaijui. Kilti haina pindo. Angalia chini yake hutaona mshono, ule ni ukingo wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwenye mtambo. Kiuno fundi anaweza kusogeza bizimu akakupa nafasi kidogo, ila urefu ukishakosewa huwezi kupandisha pindo ambalo halipo. Ikifika piga magoti sakafuni mgongo umenyooka: ukingo uguse sakafu kidogo au ubaki juu yake kama upana wa kidole.

Ikija mpya kutoka kwa fundi marinda yatakuwa yamepigwa bandi, uzi mweupe mrefu unaopita chini kwa kuyashikilia yasivurugike njiani. Huo uzi unatolewa. Nimemwona mtu anaingia ukumbini nao.

Na hili nawaandikia Waislamu wenzangu kwasababu tunaulizana faragha na wengine wanaona aibu kuuliza wenyeji. Kilti inaishia katikati ya goti, ukikaa inapanda. Kama unachunga sitara yako zipo suruali za tartani, wenyewe wanaziita trews, ni vazi la asili kabisa la Uskoti, zinavaliwa na jaketi zilezile na hakuna atakayekuona umekwepa. Waambie mapema tu, watafurahi kwamba umejua kuwa zipo. Na akina mama na dada zetu vazi lao la kawaida ni gauni na mtandio mwembamba wa tartani unaopita begani na kubanwa kwa bruchi.

Hatua ya 5: Vaa kwa mpangilio huu

Shati kwanza. Nguo ya ndani vaa, achana na maneno ya mtaani, duka la kukodi lenyewe linataka uvae na ukumbini kuna watoto.

Kisha soksi na viatu, kabla ya kilti, kwasababu ukishaivaa kuinama kufunga kamba ni kazi na unakunja marinda. Soksi ni ndefu za sufu, unazipandisha mpaka chini ya goti alafu unakunja juu, mkunjo ukae vidole vitatu chini ya pia ya goti. Chini ya mkunjo kuna mpira wenye vitepe viwili vya rangi, vitepe vitokeze upande wa nje wa mguu. Viatu havina ulimi na kamba zake ni ndefu mno: unafunga mara moja, unasokota kamba zenyewe kwa zenyewe mara tatu nne zisimame kama kamba ya katani, unazungusha nyuma ya kifundo, unarudi mbele ndo unafunga fundo. Usikaze sana, nimeumia kwa hilo usiku mzima.

Sasa kilti yenyewe. Ishike nyuma yako, marinda mgongoni. Ncha iliyo mkono wa kulia inatangulia, unaivuta mbele kwenda kushoto, kimkanda chake kinapita kwenye tundu dogo la kiunoni upande wa kushoto na kinafungwa na bizimu kwa nje. Alafu ncha ya kushoto inapita juu yake kwenda kulia, inafungwa na bizimu mbili za kulia. Ukimaliza matamvua yawe upande wako wa kulia, yakiwa kushoto umegeuza. Hakikisha mraba wa katikati wa mchoro uko sawa na kitovu na ukingo umelala sambamba mzunguko mzima, muombe mtu akuangalie nyuma.

Pini ya kilti inakaa kwenye kona ya chini kulia, na inachoma kitambaa cha juu peke yake. Hapa mi nilikosea. Niliichoma ikapita tabaka zote mbili nikidhani kazi yake ni kufunga, nilipopanda basi la wageni nikakaa nikasikia kitu kinavutika, sufu imetoka nyuzi mbili. Baba yake bwana harusi aliniona, akanisimamisha kwenye ngazi za kanisa, akapiga goti palepale mzee wa miaka sabini na kitu, akaitoa pini, akazirudisha zile nyuzi kwa ncha yake polepole, akaichomeka upya kwenye tabaka la juu. Akasema mwanangu, hii ni uzito tu, inalaza kitambaa, iache iwe huru. Mpaka leo nikiweka ile pini naona mikono yake.

Mbele unatundika sporani, ule mkoba wa ngozi, kwasababu kilti haina mifuko. Mnyororo unapita kiunoni nyuma na mkoba unaning'inia katikati, juu yake uwe upana wa kiganja chini ya mkanda. Ya ngozi tupu ni ya mchana, ya manyoya ni ya usiku na sherehe. Ukinunua ya manyoya ya sili jua huwezi kuingia nayo Marekani, sheria yao ya wanyama wa baharini inakataza.

Jaketi ziko za aina mbili utakazokutana nazo zaidi. Argyll inavaliwa na tai ya kawaida, inafaa mchana na usiku. Prince Charlie ni fupi mbele, ina kizibao na tai ya kipepeo, hiyo ni ya usiku na shughuli kubwa. Ukivaa kizibao huhitaji mkanda mpana.

Mwisho kisu kidogo cha soksi, kinaitwa sgian dubh kwa Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu, yaani kisu cheusi. Kinaingia soksi ya kulia kama unatumia mkono wa kulia, kushoto kama ni wa kushoto, na kinachoonekana ni mpini wa juu tu. Sheria huku inakuruhusu kukibeba kama sehemu ya vazi la asili, ila uwanja wa ndege weka kwenye begi la kwenda chini ya ndege, na usikivae kwingine na suruali ya jinzi.

Hatua ya 6: Kukaa, kutembea, kucheza

Kabla ya kukaa pitisha viganja viwili nyuma kutoka kiunoni kwenda chini, lainisha marinda, alafu ndo ukae, magoti karibu, mkoba uangukie katikati ya mapaja. Ukikaa bila kulainisha utainuka na marinda yamekunjamana kama karatasi.

Jioni kuna ngoma inaitwa ceilidh na hutakwepa. Gay Gordons mnatembea wawili wawili mnageuka, Dashing White Sergeant mko watatu watatu, na Strip the Willow ni kuzungushwa mkono kwa mkono na kila mtu kwenye mstari mpaka unasahau ulianzia wapi. Hujui? Nenda hivyohivyo, kuna anayetangaza hatua na wazee watakuvuta. Kabla hujaingia sogeza sporani pembeni kwenye nyonga, ikibaki mbele itakugonga vibaya. Hapo ndo utaelewa zile mita saba za sufu zilikuwa za nini, ukizunguka kilti nzima inafunguka kama mwavuli alafu inarudi yenyewe kila rinda mahali pake.

Hatua ya 7: Itunze

Ukirudi usiitupe kwenye kiti. Itundike kwa vibanio viwili vitatu kwenye kiuno, marinda yaning'inie, iache usiku kucha ipate hewa. Isiingie kwenye mashine ya kufulia kamwe, doa dogo futa kwa kitambaa chenye maji baridi, chafu kabisa peleka dry cleaner na waambie wazi kwamba ni kilti. Adui wake mkubwa ni nondo, sufu kwao ni chakula, kwahiyo ukiihifadhi iwe safi na uifunge kwenye mfuko wa nguo.

Pasi utaihitaji kwa nadra. Siku ukiihitaji piga marinda bandi kwanza kama fundi alivyofanya, weka kitambaa chenye unyevu juu, bonyeza na kuinua, usiburute, rinda moja moja kuanzia chini kupanda juu. Mi inanichukua kama saa moja na nusu na huwa nafanya Ijumaa usiku kama harusi ni Jumamosi, kisha natoa uzi asubuhi kabla sijavaa shati.